Mirihi ikikaribia Dunia: namna ya kuitazama na namna ya kuutaja umbali wake

Kila baada ya miaka miwili na siku hamsini hivi Mirihi huikaribia Dunia, na kila mara habari zake huenea kwa sura mbili. Ya kwanza hutangaza kwamba sayari hiyo itakuwa karibu kuliko wakati wowote. Ya pili hutaja kilomita nyingi mno, tarakimu zikafuatana hadi msomaji asizione tena. Zote mbili humwacha mtu mikono mitupu: hajui atoke nje usiku gani, na akitoka hajui kile kinachong'aa mbele yake kiko mbali kiasi gani.

Mambo haya mawili nayaweka kwenye mwongozo mmoja kwa sababu yanategemeana. Anayejua kuupima umbali hujua pia atarajie nini kwenye darubini, na hakatishwi tamaa na kile atakachokiona. Natumia Mirihi kama mfano mkuu, maana ndiyo sayari ambayo unaweza kuuona umbali wake ukibadilika kwa macho matupu, wiki hadi wiki. Njia hiyohiyo hufaa kwa Mshtarii na Zohali.

Hatua ya 1: Pata tarehe, lakini usiifanye kuwa usiku mmoja

Dunia hulizunguka Jua kwa siku 365, Mirihi kwa siku 687. Dunia iko njia ya ndani na huenda kwa kasi zaidi, kwa hiyo kila baada ya siku 780 hivi huifikia Mirihi na kuipita. Wakati wa kupita, Jua, Dunia na Mirihi hukaa karibu kwenye mstari mmoja, Dunia ikiwa katikati. Jua linapozama magharibi, Mirihi inachomoza mashariki. Saa sita usiku huwa juu kabisa, na alfajiri huzama. Siku hiyo naiita hapa siku ya mkabala, kwa kuwa sayari iko mkabala na Jua.

Siku ya mkabala na siku ya umbali mdogo kabisa si lazima ziwe moja. Njia ya Mirihi si duara kamili, imechongoka kidogo: ikiwa karibu na Jua huwa umbali wa kilomita milioni 207, ikiwa mbali hufika milioni 249. Kwa sababu hiyo sayari inaweza kuendelea kutusogelea siku kadhaa baada ya mkabala, au ianze kujitenga kabla yake. Mwaka 2031, kwa mfano, mkabala ni tarehe 4 Mei, na umbali mdogo kabisa ni tarehe 12 Mei.

Mchongoko huohuo ndio unaofanya ukaribu mmoja usifanane na mwingine. Hizi hapa siku za umbali mdogo kabisa za miaka ijayo, kilomita zikiwa zimefupishwa:

- 20 Februari 2027: milioni 101
- 29 Machi 2029: milioni 97
- 12 Mei 2031: milioni 83
- 5 Julai 2033: milioni 63
- 11 Septemba 2035: milioni 57

Tazama tofauti kati ya mstari wa kwanza na wa mwisho. Februari 2027 Dunia inaipita Mirihi sayari hiyo ikiwa upande wa mbali wa njia yake. Septemba 2035 inaipita ikiwa karibu na Jua. Ukaribu wa pili ni kama nusu ya umbali wa kwanza, ilhali yote miwili itatangazwa kwa maneno yaleyale.

Ukishapata tarehe, ilegeze. Wiki mbili kabla au baada ya siku yenyewe umbali huongezeka kwa asilimia chache tu, na jicho haliwezi kuitambua tofauti hiyo. Usiku wa 20 Februari 2027 ni mfano mzuri wa kwa nini tarehe haipaswi kukufunga: usiku huohuo ni wa Mwezi mpevu, nao utakuwa katika sehemu ileile ya anga, ukizizima nyota zinazokusaidia kuitambua Mirihi. Anayetaka kuijua sayari hii vizuri aanze mapema Februari, Mwezi ukiwa haujakua, kisha arudi wiki ya mwisho ya mwezi na nusu ya kwanza ya Machi. Mimi huuchukulia ukaribu wa Mirihi kuwa msimu. Mawingu ya usiku mmoja hayauharibu.

Hatua ya 2: Itafute kwa macho matupu

Sayari zote hupita kwenye ukanda uleule wa anga unaopitiwa na Jua na Mwezi. Basi angalia Mwezi unapita wapi siku kadhaa mfululizo, ukijua kwamba wakati wa mkabala Mirihi itakuwa mahali fulani kwenye ukanda huo, upande wa mashariki mara baada ya giza kuingia. Ina rangi ya chungwa iliyoiva, na mwanga wake umetulia. Nyota humetameta kwa sababu kila moja kwetu ni nukta tu, na angahewa huiyumbisha nukta hiyo kwa urahisi. Sayari ni kisahani kidogo, na mitikisiko ya sehemu zake mbalimbali hufutana. Zikiwa chini karibu na upeo wa macho, hata sayari hutetemeka, kwa hiyo subiri ipande.

Mwaka 2027 kazi itakuwa rahisi kuliko kawaida. Mirihi itakuwa kwenye kundinyota la Simba, jirani na nyota Regulus, na Mshtarii nao utakuwa hapo karibu, maana mkabala wake ni siku chache tu kabla, karibu tarehe 10 Februari. Vitu vitatu vitakuwa vimekusanyika: Mshtarii unaong'aa kupita vyote ukiwa mweupe wa maziwa, Mirihi ya rangi ya chungwa, na Regulus yenye weupe wa kubluu, hafifu kuliko zote mbili. Huhitaji kifaa chochote kuzitenganisha.

Kuna zoezi moja ambalo ningependa kila mtazamaji alifanye kabla hata ya kugusa darubini. Chora kwenye karatasi nyota tatu au nne zilizo karibu na Mirihi, weka alama ya sayari ilipo, andika tarehe. Rudia kila baada ya siku tano au sita kwa miezi miwili. Kupima umbali kati ya nyota na nyota tumia mkono ulionyooshwa: upana wa kidole kidogo ni karibu nyuzi moja, upana wa ngumi ni nyuzi kumi hivi. Utaiona Mirihi ikienda kinyume na mwendo wake wa kawaida, kuelekea magharibi kati ya nyota, kisha ikasimama na kugeuka tena mashariki. Mirihi yenyewe haijageuka popote. Ni sisi tunaoipita, na karatasi yako ndiyo ushahidi wa kwamba Dunia inatembea. Watu walilikuna kichwa jambo hili kwa karne nyingi kabla ya kukubali kwamba Jua ndilo lililo katikati.

Hatua ya 3: Kokotoa ukubwa utakaouona

Hapa ndipo umbali unapoanza kuwa na kazi. Ukubwa wa kitu angani hupimwa kwa nyuzi. Uzi mmoja una dakika 60 za tao, na dakika moja ina sekunde 60 za tao. Gawanya kipenyo cha sayari kwa umbali wake, vyote kwa kilomita, kisha zidisha kwa 206,265. Jibu ni ukubwa unaoonekana kwa sekunde za tao.

Kipenyo cha Mirihi ni kilomita 6,792 kwenye ikweta yake. Februari 2027, ikiwa umbali wa kilomita milioni 101.4, utapata sekunde 13.8 za tao. Septemba 2035 utapata karibu 24.6. Mwezi wetu, wenye kipenyo cha kilomita 3,474 na umbali wa wastani wa kilomita 384,400, unakupa sekunde 1,864.

Kwa hesabu hiyo tu unaweza kuujibu uvumi unaorudi kila Agosti kwamba Mirihi itaonekana kubwa kama Mwezi. Uvumi huo ulianza na ukaribu wa 27 Agosti 2003, pale barua pepe iliyosambaa ilipoeleza kwamba Mirihi ikikuzwa mara 75 kwenye darubini ingelingana na Mwezi mpevu unaotazamwa kwa macho. Sehemu ya kukuza ikapotea njiani, ikabaki sehemu ya Mwezi. Siku hiyo Mirihi ilikuwa na sekunde 25 za tao: igawanye 1,864 kwa 25 uone mwenyewe ile 75 ilikotoka.

Tumia hesabu hiyohiyo kujipangia. Gawanya 1,864 kwa 13.8: mwaka 2027 utahitaji kukuza mara 135 ili Mirihi ndani ya darubini iwe na upana wa Mwezi unaouona kwa macho. Mwaka 2035 mara 76 zitatosha. Sasa fanya kwa Mshtarii, wenye kipenyo cha kilomita 142,984 na utakaokuwa umbali wa takriban kilomita milioni 650 mnamo Februari 2027. Utapata sekunde 45 hivi. Yaani uko mbali zaidi ya mara sita kuliko Mirihi, na bado kwenye lenzi ni mpana mara tatu. Mtu akielekeza darubini kwa zote mbili usiku mmoja ataelewa ukubwa wa Mshtarii kwa namna ambayo hakuna takwimu itakayomwelewesha.

Hatua ya 4: Darubini, na subira

Darubini ndogo yenye lenzi kuu ya milimita 70 huonyesha kwamba Mirihi ni duara lenye rangi, na usiku mzuri huonyesha weupe wa barafu kwenye ncha. Kuanzia milimita 100 hadi 150 madoa meusi ya uso wake huanza kujitokeza. Kiwango cha kukuza hupatikana kwa kugawanya urefu wa fokasi wa darubini (umbali kutoka lenzi hadi pale nuru inapokutana) kwa ule wa lenzi ya jicho, ile unayochungulia: darubini ya milimita 1,000 na lenzi ya jicho ya milimita 8 hukuza mara 125. Usivutwe na maandishi ya boksi yanayoahidi kukuza mara 500. Kanuni nzuri ni kutozidi mara mbili ya kipenyo cha lenzi kuu kwa milimita, kwa hiyo darubini ya milimita 70 hufika ukomo wake karibu na mara 140. Zaidi ya hapo picha hukua bila kuongeza kitu ila ukungu. Darubini ya macho mawili itakupa rangi nzuri na nyota zinazoizunguka sayari, basi. Lakini ukiielekeza kwa Mshtarii na kuishikilia imara, utaona miezi yake minne mikubwa, Io, Europa, Ganimede na Kalisto, ileile aliyoiona Galileo Januari 1610.

Itoe darubini nje nusu saa au zaidi kabla ya kutazama ili ipoe na kulingana na hewa. Iweke juu ya udongo au nyasi. Saruji na mabati huachia joto la mchana na kuichemsha picha. Subiri sayari ipande juu. Halafu kaa. Hili ndilo jambo ambalo wageni wengi hulikosa: hutazama kwa sekunde kumi, huona kidoa cha chungwa kinachocheza, huondoka. Hewa huchafuka na kutulia kwa vipindi, na ndani ya dakika ishirini za kutazama bila kuondoa jicho kutakuja nyakati fupi, sekunde moja au mbili, ambapo picha hukaza na madoa yakasimama wazi. Maelezo yote unayoyapata kuhusu Mirihi kwa jicho hutoka kwenye nyakati hizo fupi. Chora unachokiona, hata kama huna mkono wa kuchora, kwa sababu anayechora hutazama kwa muda mrefu zaidi.

Doa la kutafuta kwanza ni Syrtis Major, lenye umbo la pembetatu nyeusi. Christiaan Huygens alilichora tarehe 28 Novemba 1659, na kulifuatilia kulimwonyesha kwamba sayari hiyo inajizungusha kwa muda unaokaribia siku yetu. Leo tunajua kwamba mzunguko huo huchukua saa 24 na dakika 37. Zile dakika 37 zina maana kubwa kwa mtazamaji: ukitazama kila usiku saa ileile, uso wa Mirihi utakuwa umechelewa kwa nyuzi 9 hivi kuliko jana. Kama Syrtis Major haiko upande wetu saa tatu usiku wa leo, huenda ukaingoja wiki kadhaa kwa saa hiyo. Ama utazame saa nane usiku, ambapo sayari itakuwa imegeuka nyuzi zaidi ya 70. Ni sababu nyingine ya kutoutegemea usiku mmoja.

Ukaribu mkubwa una adui wake pia. Mirihi inapokuwa karibu na Jua hupata joto zaidi, na huo ndio msimu wa tufani kubwa za vumbi. Lakini ndipo pia inapokuwa karibu zaidi nasi. Mwaka 2018, wiki chache kabla ya ukaribu wa 31 Julai wa kilomita milioni 57.6, tufani ilifunika sayari nzima. Watazamaji wa Dunia waliona kisahani kilichofifia madoa, na roboti Opportunity, iliyotegemea mwanga wa Jua, ilituma ujumbe wake wa mwisho tarehe 10 Juni. Kwa hiyo ukaribu wa mbali, kama wa 2027, usidharauliwe: kisahani ni kidogo lakini mara nyingi anga la Mirihi ni safi.

Neno la tahadhari kuhusu Zuhura, ambayo hutukaribia kuliko Mirihi. Tarehe 24 Oktoba 2026 itakuwa umbali wa kilomita milioni 41 hivi, lakini itakuwa upande wa Jua, imezama kwenye mng'aro wake. Itazame wiki kadhaa kabla au baada ya siku hiyo, ikiwa hilali nyembamba, na itazame Jua likiwa limeshazama au halijachomoza. Darubini ikielekezwa kwa Jua bila kichujio maalumu kilichofungwa mbele yake hupofusha papo hapo.

Hatua ya 5: Chagua kipimo kinachoacha namba ndogo

Sasa tuje kwenye namba. Kanuni yangu ni moja: kipimo kizuri ni kile kinachoacha namba ambayo msikilizaji anaweza kuihesabu kichwani, kati ya moja na elfu hivi. Ukilazimika kutaja milioni za kitu, jiulize kama kuna kipimo kikubwa zaidi.

Kwa vitu vilivyo jirani, kilomita zinatosha. Tarehe 13 Aprili 2029 jiwe la angani liitwalo Apophis litapita kilomita 32,000 hivi juu ya uso wa Dunia, chini kuliko setilaiti za mawasiliano zilizo kilomita 36,000 juu. Hapo kilomita zinazungumza zenyewe. Mwezi nao unatajika vizuri: laki tatu, elfu themanini na nne na mia nne. Kuvuka milioni, malaki huanza kumchosha msikilizaji, na ni bora kusema "milioni 55.8" kuliko kusoma tarakimu zote.

Kwa umbali wa Mirihi napendelea kuanza na Mwezi, kwa sababu ni umbali ambao watu wameshawahi kusafiri. Gawanya kilomita kwa 384,400. Mwaka 2003 Mirihi ilikuwa mara 145 ya umbali wa Mwezi. Mwaka 2027 itakuwa mara 264.

Kwa sayari zote kwa pamoja, kipimo cha wanaastronomia ni kizio astronomia, ambacho asili yake ni umbali wa wastani kati ya Dunia na Jua. Tangu Agosti 2012 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia umekiweka kuwa mita 149,597,870,700 kamili. Kwa matumizi ya kawaida sema kilomita milioni 150. Mirihi mwaka 2027: vizio 0.68. Mshtarii: vizio 4.3. Namba hizi zinakuambia mara moja nani jirani na nani si jirani.

Na hapa ukaribu wa Mirihi una historia ambayo haipaswi kupitwa. Hadi karne ya 17 watu walijua uwiano wa njia za sayari, lakini hawakujua hata umbali mmoja kwa kipimo cha duniani. Mwaka 1672, Mirihi ikiwa karibu, Giovanni Cassini aliitazama kutoka Paris na Jean Richer akaitazama kutoka Cayenne, Amerika ya Kusini. Kila mmoja aliiona mahali tofauti kidogo kati ya nyota, sawa na kidole kinavyoonekana kuhama ukifumba jicho moja kisha jingine. Kutokana na tofauti hiyo ndogo walipata umbali wa Mirihi, na kutoka hapo umbali wa Jua: karibu kilomita milioni 140. Walipungukiwa kwa chini ya sehemu moja ya kumi. Mwaka 1877 David Gill alikwenda hadi kisiwa cha Ascension kurudia kazi hiyo wakati wa ukaribu mwingine, na Agosti mwaka huohuo Asaph Hall akagundua miezi miwili ya Mirihi, Phobos na Deimos, huko Washington. Kipimo tunachokitumia kwa anga lote kilizaliwa na usiku kama hizi.

Kipimo ninachokipenda zaidi ni nuru. Nuru husafiri kilomita laki tatu kasoro kidogo kwa sekunde, sawa na kilomita milioni 18 kwa dakika. Chukua milioni za kilomita, gawanya kwa 18, umepata dakika za nuru. Mwezi uko sekunde 1.3. Jua liko dakika 8 na sekunde 19. Mirihi mwaka 2027 iko dakika 5 na nusu na ushei. Ikiwa upande wa pili wa Jua, kilomita milioni 400, ni dakika 22. Mshtarii wa Februari 2027 uko dakika 36. Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba kinaeleza jambo halisi: mawimbi ya redio huenda kwa kasi hiyohiyo, kwa hiyo ndizo dakika ambazo ujumbe huchukua njiani. Agosti 2012 roboti Curiosity ilipokuwa ikishuka Mirihi, ishara zake zilichukua dakika 14 kufika, na kushuka kwenyewe kulichukua dakika 7. Habari kwamba imeingia kwenye angahewa ilipofika Duniani, Curiosity ilikuwa imeshakaa ardhini dakika saba.

Ukitoka nje ya sayari, dakika huwa saa. Chombo Voyager 1, kilichorushwa tarehe 5 Septemba 1977, kiko zaidi ya kilomita bilioni 25 kutoka kwetu, zaidi ya saa 23 za nuru. Baada ya hapo huja mwaka wa nuru: kilomita trilioni 9.46, au vizio astronomia 63,241. Nyota iliyo jirani zaidi na Jua, Proxima Centauri, iko miaka 4.24 ya nuru. Sirius iko 8.6. Galaksi ya Andromeda iko karibu milioni mbili na nusu. Wanaastronomia hutumia pia parseki, sawa na miaka 3.26 ya nuru, nayo ina vizio astronomia 206,265. Namba hiyo umeshaitumia kwenye Hatua ya 3, na si bahati: parseki ni umbali ambao kizio astronomia kimoja kinaonekana kuwa na upana wa sekunde moja ya tao.

Kama unataka kuwaonyesha watoto au darasa, punguza kila kitu hadi milimita moja iwe kilomita 1,000. Dunia inakuwa shanga ya milimita 13, Mwezi milimita tatu na nusu, na kati yao sentimita 38. Mirihi ni shanga ya milimita 7 iliyo mita 101 mbali kwa Februari 2027, mita 57 kwa Septemba 2035, na mita 400 ikiwa mbali kabisa. Jua lina upana wa mita 1.4, mita 150 kutoka kwenye shanga yako. Tembeeni umbali huo kwa miguu kabla ya kutaja namba yoyote. Kisha waulize Proxima Centauri iwekwe wapi. Kwa kipimo hichohicho inahitaji kilomita 40,000, mzingo mzima wa Dunia.

Hatua ya 6: Taja umbali kwa sentensi iliyokamilika

Umbali angani hautoshi kuwa namba tupu. Sema kutoka wapi hadi wapi, maana takwimu nyingi hupimwa kutoka kitovu hadi kitovu, ilhali zile kilomita 32,000 za Apophis zimehesabiwa kutoka usoni mwa Dunia. Kutoka kitovuni ni 38,000. Sema pia ni lini. Kwa wiki nyingi umbali wa Mirihi hubadilika kilomita kadhaa kila sekunde, kwa hiyo namba isiyo na tarehe ni ya siku isiyojulikana. Na punguza tarakimu: kilomita 55,758,006 za mwaka 2003 zilikuwa sahihi kwa dakika yake, lakini wewe uliyesimama usoni mwa Dunia unaweza kuwa na tofauti ya kilomita elfu sita na kitovu chake. Milioni 55.8 inatosha.

Neno "karibu kuliko" liulizwe swali: kuliko lini, na kwa kiasi gani? Ukaribu wa 2003 ulikuwa kweli mkubwa kuliko wowote kwa karibu miaka 60,000, na utapitwa tarehe 28 Agosti 2287. Lakini Agosti 1924 Mirihi ilikuwa mbali kidogo tu zaidi, kwa kilomita 19,000 hivi, sawa na Dunia moja na nusu zikipangwa. Mtu aliyetazama mwaka 1924 hakukosa chochote ambacho jicho lingeweza kukiona. Taarifa inayotaja miaka 60,000 bila kutaja zile kilomita 19,000 imesema kweli na bado imempotosha msomaji.

Kagua kipimo kabla ya kuchapisha. Taarifa nyingi hutoka kwenye maili, na maili milioni 35 ni kilomita milioni 56. Zikibandikwa neno "kilomita" bila kugeuzwa, Mirihi inasogezwa zaidi ya theluthi ya njia. Kagua pia milioni na bilioni kwa kugawanya kwa 18: kama Mirihi inatoka dakika 5,000 za nuru, kuna sifuri tatu zimezidi. Usiandike "miaka ya nuru" ukimaanisha muda, na usitumie mwaka wa nuru kwa sayari, kwa sababu utapata sehemu ndogo ya namba ambayo haimsaidii yeyote.

Sentensi iliyokamilika basi ingekuwa hivi: "Tarehe 20 Februari 2027 Mirihi itakuwa kilomita milioni 101 kutoka Dunia, mara 264 ya umbali wa Mwezi, na nuru yake itachukua dakika 5 na sekunde 38 kutufikia, ilhali ukaribu wa 2035 utakuwa wa kilomita milioni 57." Iandike juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari lako la michoro, kisha chini yake andika saa uliyoanza kutazama, kiwango cha kukuza, na hali ya hewa.